Madhabahu Shambani

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 12:1–13:4, Kut. 16:14–30, Kut. 34:1–21, Kum. 6:4–9, Dan. 6:1–10, Mt. 26:36–46; 1 Tim. 4:7, 8.

Fungu la Kukariri: Kutoka 34:21. (Lisomwe katika Biblia na kukaririwa na familia nzima, watoto pia, kabla ya Sabato ijayo.)

Mvua za kwanza zinapolowesha ardhi ya bonde la Kilombero, kaya nyingi za Ifakara na vijiji vya jirani hufunga mizigo. Mashamba ya mpunga yako mbali, chini kwenye tambarare ambayo mto huifurika wakati wa masika, na kwenda na kurudi kila siku hakuwezekani. Basi familia huhamia shambani, kwenye kibanda cha miti na nyasi, zikakaa huko tangu kupanda hadi kuvuna. Ni miezi mitano, mara nyingine sita. Juu ya baiskeli hufungwa sufuria, majembe, mbegu, ndoo, mkeka na kuku wawili miguu imefungwa. Chandarua nacho hakisahauliki, maana huko mbu hawana huruma.

Na Biblia je? Na lesoni? Mara nyingi hubaki nyumbani, zisije zikalowa. Husemwa kwamba Mungu yuko kila mahali, na ni kweli. Lakini Julai, mpunga ukiwa umekwisha kuingia maguniani, mtu aliyeondoka Desemba akiwa na desturi ya kuomba kila asubuhi hurudi akiwa hana desturi hiyo, wala hajui aliiacha siku gani. Hakuikana imani. Hakuna aliyemshawishi aiache. Iliisha taratibu kama mafuta ya taa.

Juma hili tunajifunza nidhamu ya kiroho, yaani mazoea ya kudumu ya maombi, Neno na Sabato, kama yanavyoishiwa mahali ambapo hakuna kengele ya kanisa, hakuna mwalimu wa darasa, na kazi haingoji. Asiyelima mpunga naye anao msimu wake wa kuhama: ajira mpya, shule ya bweni, ugonjwa wa mzazi, safari ya biashara.

JUMAPILI
Hema Lilihama, Madhabahu Pia

Soma Mwanzo 12:6–8 na 13:1–4. Abramu alifanya nini mahali alipopiga hema? Katika habari za safari yake ya Misri (12:10–20), ni kitu gani hakitajwi?

Abramu alikuwa mtu wa kuhamahama. Alipofika Shekemu alijenga madhabahu. Alipopiga hema kati ya Betheli na Ai alijenga nyingine. Hazikuwa majengo makubwa. Aliokota mawe ya mahali pale pale, akayapanga, akaliitia jina la Bwana, na majirani Wakanaani wakajua ni mtu wa namna gani aliyehamia.

Kisha njaa ikamsukuma hadi Misri. Huko hatusomi habari za madhabahu. Tunasoma habari za hofu, na za uongo juu ya mke wake. Maandiko hayasemi kwamba hakuomba akiwa kule, na si vyema kuyasemesha yasichosema. Ila yanaonyesha wazi alikokwenda alipotoka Misri: alirudi mpaka mahali pa madhabahu aliyoifanya hapo kwanza, kati ya Betheli na Ai. Hakutafuta njia mpya ya kumwendea Mungu wala hakujiwekea kipindi cha adhabu. Alirudi pale alipoachia. Kwa mshiriki anayerudi kutoka shambani na moyo mkavu, habari hii ina faraja kuliko hotuba ndefu ya kumkaripia.

JUMATATU
Kushusha Chandarua

Soma 1 Timotheo 4:7, 8 na Mathayo 26:36–46. Paulo analinganisha utauwa na zoezi la namna gani? Kwa nini Yesu aliwataka wanafunzi wakeshe saa ile, kabla ya jaribu kuwafikia?

Katika ulimwengu wa utafiti wa afya, jina la Ifakara linajulikana kwa sababu ya mbu. Maabara ndogo iliyoanzishwa na Waswisi katika miaka ya 1950 ilikua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1997 ulianza mradi mkubwa wa kusambaza vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: vyandarua hivyo vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Kwa bonde ambalo akina mama walizoea kuzika watoto kila masika, hilo halikuwa jambo dogo.

Ila vyandarua vya wakati ule vilikuwa na sharti. Dawa iliisha nguvu, nacho chandarua kilipaswa kuchovywa upya kila baada ya miezi kadhaa. Watu wengi walinunua chandarua. Kukumbuka kukichovya tena ndiko kulikowashinda. Kwa macho kilikuwa kile kile, kimening'inia juu ya kitanda, cheupe na kizuri. Waumini wengi wanaifahamu hali hiyo. Ubatizo upo, jina limo kwenye kitabu cha kanisa, Biblia ipo mezani, lakini dawa imekwisha tangu mwaka juzi.

Vyandarua vya siku hizi hudumu na dawa yake kwa miaka. Hata hivyo lazima kishushwe kila jioni, kichomekwe chini ya mkeka, na tundu likionekana lishonwe. Aliyelala ndani ya chandarua jana hakingwi na jana yake.

Kuna jambo jingine ambalo watafiti waliliona katika bonde hili. Vyandarua vilipoenea, sehemu kubwa zaidi ya mbu waliosalia ikawa ya wale wanaouma nje ya nyumba na mapema jioni, watu wakiwa bado jikoni au wameketi wakizungumza. Chandarua kilikuwa kizuri, lakini saa ya kuumwa ilitangulia saa ya kulala. Mfano huu una mpaka wake, kwa kuwa mbu hana hila na adui wa roho anazo (1 Pet. 5:8). Lakini familia inayoiweka ibada iwe jambo la mwisho kabisa la siku inapaswa kulitafakari. Aliyepalilia tangu alfajiri husinzia tonge likiwa mkononi. Kabla ya saa ya ibada kufika, jioni imekwisha kuliwa na simu, na masengenyo, na hasira ya mume na mke waliochoka. Ibada fupi moto ukiwa bado unawaka jikoni ni salama kuliko ibada ndefu iliyopangwa kwa ajili ya watu waliokwisha kulala.

Katika Gethsemane Yesu aliwakuta rafiki zake wamelala, naye alitambua kwamba roho zao zilikuwa tayari na miili yao dhaifu. Hakuuita uchovu wao uasi. Lakini pia hakusema kwamba kwa sababu wamechoka, basi kuomba si lazima.

Na lisisahaulike hili: chandarua hakimpi mtoto uhai. Uhai amepewa na Mungu, chandarua kinaulinda. Vivyo hivyo maombi ya asubuhi hayanunui wokovu. Mtu aliyeokolewa kwa neema anajikinga kwa sababu alichopewa ni cha thamani.

Je, ni saa ipi ya siku ambapo wewe huumwa kabla hujashusha chandarua?

JUMANNE
Dirisha Lililokuwa Wazi Tangu Zamani

Soma Danieli 6:1–10 na Kumbukumbu la Torati 6:4–9. Danieli alianza lini desturi ya kuomba mara tatu kwa siku? Musa alitaja nyakati gani nne za kuyanena maneno ya Mungu?

Danieli alikuwa mtu wa kazi. Mahesabu ya ufalme yalikuwa mikononi mwake, na maadui zake walimchunguza kazini wasipate kosa. Amri ilipotiwa sahihi, hakuongeza saa za maombi wala hakuanza mfungo mpya. Alifanya alichokuwa akifanya siku zote. Simba walimkuta na desturi iliyokwisha kukomaa. Asiyeomba siku za kawaida hapati ghafula moyo wa kuomba siku ya tundu la simba; na akiupata, ni kwa rehema.

Musa naye alikuwa na hekima ya vitendo. Aliyafunga maneno ya Mungu kwenye mambo manne ambayo kila mtu huyafanya hata asipoambiwa: kuketi, kutembea, kulala, kuamka. Mkulima hapaswi kutafuta muda ambao hana. Afungie ibada kwenye jambo ambalo tayari halikosekani. Mpunga ukianza kukomaa, anayeamia ndege huamka kabla ya kwelea kwelea. Ataamka tu, apende asipende. Basi dakika tano kabla ya kupanda dunguni ziwe za Mungu, na fungu moja lisomwe, lile lile juma zima kama ni lazima. Halafu atakaa dunguni saa nyingi, akipiga debe na kurusha mawe kwa kombeo. Watu wachache mjini wana kimya kirefu namna hiyo cha kulitafuna fungu moja.

Biblia hutunzwa vizuri ndani ya ndoo yenye mfuniko, pamoja na Nyimbo za Kristo na lesoni. Asiyejua kusoma asomewe usiku na mtoto au jirani, alikariri neno moja, na kesho aliombee. Simu yenye Biblia inafaa pia, mradi chaji ipo. Huko shambani chaji ni kitu cha kupanga. Wengi huanza msimu kwa nadhiri kubwa, saa nzima alfajiri na sura tano kwa siku, na palizi ya kwanza tu inawashinda. Kidogo kinachofika Julai ni bora.

JUMATANO
Sabato Penye Mavuno

Soma Kutoka 16:14–30 na Kutoka 34:1–21. Amri ya kupumzika hata wakati wa kulima na kuvuna ilitolewa kwa watu wa namna gani, na wakati gani?

Fungu la kukariri la juma hili lina maneno machache, lakini kwa mkulima wa Kilombero ni zito. Mungu alizitaja nyakati mbili ambazo mkulima ana udhuru mzuri kuliko nyakati zote. Wakati wa kulima, udongo ukikauka umepitwa. Wakati wa kuvuna, mvua ya siku moja au kundi moja la ndege laweza kuondoka na gunia zima. Hapo hapo ndipo aliposema pumzika.

Tazama mahali fungu lilipo. Sura ya 32 ni habari za ndama wa dhahabu. Sura ya 34 Musa anachonga mbao mpya, za kwanza zikiwa zimevunjika. Amri hii walipewa watu waliotoka kuanguka vibaya, na walipewa kama sehemu ya agano lililofanywa upya. Tena, hawakuwa na shamba hata moja! Walikuwa jangwani wakila mana. Miaka arobaini walijifunza kuokota maradufu siku ya sita, na waliotoka siku ya saba wakakuta hakuna kitu. Mungu aliwazoeza kwa pishi ndogo ya mana kabla ya kuwakabidhi mashamba. Ijumaa ya maandalio shambani ni darasa lile lile: kuni zikusanywe, maji yatekwe, mchele utwangwe, nguo zifuliwe mtoni, ili jua linapozama nyuma ya milima ya Udzungwa mikono iwe imetulia.

Sasa yaje maswali magumu. Mwenye kombaini anapita shamba kwa shamba, na zamu ya shamba lako imeangukia Jumamosi; ukiikataa, huenda asirudi kwa majuma mawili, na mpunga umekwisha kulala. Hapa Kutoka 34:21 haliachi nafasi ya kuzunguka. Linalowezekana ni kwenda mapema, msimu ungali mchanga, kuzungumza naye kabla hajapanga zamu, na kuungana na wakulima wengine wenye msimamo huo ili shamba lao lipewe siku moja. Asipokubali, kuna mundu. Ni polepole na kunauma mgongo, lakini vizazi vilivyotangulia vilivuna bonde hili kwa mkono.

Ndege ni swali gumu zaidi, na katika madarasa mengi halina jibu moja. Wapo wanaosema kuamia ndege siku ya Sabato ni kama kumtoa ng'ombe kisimani (Luka 14:5): chakula cha watoto kinaangamia. Wengine husema ng'ombe hutumbukia bila taarifa, lakini ndege huja kila siku mpunga unapokomaa, na jambo linalojulikana tangu Desemba si dharura. Hoja hii ya pili ina uzito. Ng'ombe aliyeanguka kila Sabato, mwenyewe angefukia kisima. Kwa hiyo kazi kubwa ya Sabato ya mavuno hufanywa miezi kabla: kupanda kwa wakati mmoja na majirani ili ndege wasilie shamba moja peke yake, kuchagua mbegu inayokomaa pamoja na yao, kukata Alhamisi na Ijumaa kile kilichokwisha kuiva. Kubadilishana zamu na jirani asiyeshika Sabato hupendekezwa mara kwa mara, lakini apendekezaye asome kwanza Kutoka 20:10 mpaka mwisho, aone ni nani wote waliotajwa katika pumziko lile.

Na baada ya mipango yote, huenda bado kitu kikapotea. Kutoka 34:21 halikuahidi kwamba hakuna punje itakayoliwa na ndege. Mwenye kuwafundisha wakulima kwamba wakishika Sabato ndege watapita mbali, anawaandaa kuacha Sabato siku ndege watakapotua. Danieli hakuahidiwa chochote kabla ya kutupwa tunduni.

ALHAMISI
Waliobaki Mjini

Soma Waebrania 10:24, 25 na 2 Timotheo 1:5, 3:14, 15. Imani ya Timotheo ilipitia mikono ya nani?

Familia inapohamia shambani, watoto wanaosoma mara nyingi hubaki nyumbani, kwa bibi, au chini ya dada mkubwa ambaye naye bado ni mwanafunzi. Kumbukumbu la Torati 6 linamwona mzazi ameketi na watoto wake. Je, binti wa miaka 13 anayepika, anayeosha wadogo na kuwapeleka shule, ndiye pia atakayefungua Sabato? Katika nyumba nyingi ndiye. Akichoka, hakuna.

Mzazi anaweza kuacha zaidi ya unga na pesa ya daftari. Aache saa moja iliyokubaliwa, ambayo shambani na nyumbani wote wanaomba kwa pamoja. Aache mafungu yaliyoandikwa kwa mkono, moja kwa kila juma. Mtoto anayejua kwamba saa moja usiku mama yake amepiga magoti kibandani karibu na Mbingu au ng'ambo ya mto huko Lupiro, hayuko peke yake. Kanisa nalo lina sehemu yake. Mwalimu wa darasa aliyebaki mjini na viti vitupu anajua ni nyumba zipi hazina watu wazima; Ijumaa jioni agonge hodi.

Kule shambani, kaya mbili au tatu za Waadventista zilizo karibu ni Shule ya Sabato tayari. Mtu mmoja asome swali, mwingine ajibu, wote waimbe. Waadventista wa Tanzania wana asili ya kutosha ya kufanya hivyo. Kazi ilianza mwaka 1903 huko Giti, Upare, na wamisionari Wajerumani walipoondolewa katika Vita Kuu ya Kwanza, waumini wa Upare walibaki na kuendelea kukutana, ingawa waliowafundisha hawakuwapo tena.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma sura inayohusu maombi katika kitabu cha Ellen G. White, Njia Salama. Soma pia Zaburi ya 126, na uangalie jinsi kupanda na machozi vinavyotajwa pamoja.

Maswali ya Kujadili:

1. Abramu alirudi kwenye madhabahu aliyoifanya hapo kwanza. Darasa lenu humpokeaje mshiriki anayerejea baada ya miezi sita ya kutoonekana? Neno la kwanza analoambiwa mlangoni huwa ni lipi?

2. Jadilini suala la kuamia ndege siku ya Sabato. Wanaolima waseme kwanza, wenye mishahara wasikilize. Kisha someni Luka 14:1–6 na Kutoka 20:8–11 kwa sauti, na muone kama kuna aliyebadili mawazo.

3. Baadhi ya watu huogopa kwamba mazoea ya kila siku yatageuka kuwa desturi tupu. Je, hofu hiyo ni ya kweli? Linganisheni Isaya 29:13 na Danieli 6:10. Watu hawa wawili, anayeheshimu kwa midomo na anayepiga magoti dirishani, kwa nje hufanana. Wanatofautianaje?

4. Orodhesheni kaya za kanisa lenu zitakazohama msimu ujao, na watoto watakaobaki. Ni nani atakayegonga hodi katika kila nyumba, na Ijumaa ipi ataanza?